Taa za Ziada Kwenye MGB ya Mwaka 1965: Hesabu Umeme Kabla ya Kununua Taa

Taa kuu za gari langu zilizimika zote mbili kwa pamoja usiku mmoja kati ya Voi na Mtito Andei, nikiwa katika mwendo wa kilomita 90 kwa saa, na gari la karibu lililokuwa mbele yangu lilikuwa limekwisha kupotelea nyuma ya kilima. Taa ndogo ziliendelea kuwaka na injini ikaendelea kunguruma kana kwamba hakuna lililotokea, lakini barabara yenyewe ilitoweka machoni mwangu. Nililisogeza gari kushoto kwa kukisia, nikisikiliza sauti ya kokoto chini ya magurudumu, hadi likasimama. Harufu ya mpira ulioungua ilikuwa ikipanda kutoka sakafuni, karibu kabisa na mguu wangu wa kushoto. Mke wangu, aliyekuwa ameketi kando yangu, aliuliza swali moja tu, nalo lilikuwa la haki: "Si juzi tu umefunga taa mpya?"

Ni kweli, nilikuwa nimezifunga majuma matatu kabla ya safari hiyo. Gari lenyewe ni MGB ya mwaka 1965, gari la michezo la Kiingereza la viti viwili na paa la turubai, ambalo lilikuwa limelala miaka mingi katika ghala la shamba karibu na Njoro kabla sijalinunua na kulifufua. Nilinunua taa mbili za wati 55 kila moja, nikampelekea fundi azifunge mbele ya grili, naye akafanya kama wafanyavyo mafundi wengi: aliukata waya wa fulu, yaani wa mwanga wa mbali, unaokwenda kwenye taa kuu, akaunganisha humo nyaya za taa mpya, akafunika kwa utepe mweusi na kunikabidhi funguo. Taa ziliwaka vizuri sana, na hilo ndilo lililonidanganya.

Siku iliyofuata, baada ya kulala ndani ya gari na kufika Mombasa mchana, nilimpelekea mzee mmoja wa Changamwe ambaye ameshughulika na umeme wa magari ya Kiingereza tangu ujana wake. Aliitoa swichi ya dimu, yaani ya kushusha mwanga wa taa kuu, ambayo katika MGB za miaka hiyo haiko kwenye usukani bali iko sakafuni na hukanyagwa kwa mguu wa kushoto, akaniwekea kiganjani ikiwa imeyeyuka nusu. "Mwanangu," alisema, "taa hazina kosa. Umemtwika punda mzigo wa lori." Kisha akanionyesha njia ambayo umeme wa taa kuu huipitia katika gari hili: hutoka kwenye waya wa kahawia ambao haujui kuzimwa, huingia kwenye swichi ya dashibodi, hushuka hadi swichi ya mguuni, ndipo huenda kwenye taa, na katika safari hiyo yote hakuna fyuzi hata moja. Njia hiyo ilijengwa kubeba ampia 10 hivi. Taa zangu mpya zilikuwa zimeifanya ibebe 19, kupitia viunganishi vilivyokaa zaidi ya nusu karne chini ya matope ya viatu.

Tangu siku hiyo nimelirekebisha gari hilo kwa mkono wangu, na nimewasaidia wenzangu kadhaa wenye magari ya rika hilo. Ninalotaka kumwambia kila mwenye gari la michezo la zamani anayetamani taa za ziada ni kwamba taa zenyewe ndicho kitu cha mwisho kununuliwa. Kabla yake zipo kazi tatu, nazo ni kuzirudishia taa kuu nguvu zake, kuhesabu umeme ambao gari linaweza kuzalisha, na kuujenga waya mpya ambao hautegemei swichi za kale. Anayeanzia dukani huishia gizani, kama nilivyoishia mimi.

Simaanishi kwamba haja ya taa hizi ni ya urembo. Chukua mwendo wa kilomita 80 kwa saa, ambao wengi huuona kuwa wa polepole. Gari huenda mita 22 kila sekunde. Dereva akichukua sekunde moja na nusu kuona kitu na kukanyaga breki, ameshapita mita 33, na breki nzuri kwenye lami kavu zitahitaji mita nyingine 40 hivi kulisimamisha gari. Hizo ni mita zaidi ya 70, ilhali mwanga wa dimu wa taa za kawaida humulika kwa uhakika mita 50 au 60 tu. Kwa hiyo katika barabara ya Tsavo, ambako punda milia, nyati na hata ndovu huweza kuvuka, dereva wa usiku mara nyingi huendesha kuelekea mahali ambapo bado hajapaona. Waliokuwa wakishindana katika Safari Rally, ambayo ilianza mwaka 1953 ikizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, walilijua hilo kuliko mtu yeyote, na ndiyo sababu tukiwa watoto tuliyaona magari yao yakiwa na safu ya taa kubwa mbele. Hamu yangu ya taa ilizaliwa kando ya barabara nikiyasubiri magari hayo yapite, na sijutii hamu hiyo.

Tuanze basi na taa kuu, kwa maana hapa ndipo faida kubwa zaidi hupatikana kwa gharama ndogo zaidi. Mwanga wa balbu haupungui sawasawa na umeme unavyopungua, bali huporomoka. Balbu inayopata asilimia 90 ya volti zake hutoa takriban asilimia 70 tu ya mwanga wake. Chukua kipimaumeme, washa taa fulu huku injini ikiwa imezimwa, pima volti kwenye betri, kisha upime nyuma ya balbu yenyewe huku ikiwa inawaka. Katika gari langu betri ilisoma volti 12.5 na balbu ikasoma 10.9. Tofauti hiyo ya volti 1.6, ambayo machoni huonekana ndogo, ilikuwa ikininyang'anya zaidi ya theluthi ya mwanga niliokwisha kuulipia. Ilikuwa ikipotea wapi? Kidogo kwenye swichi ya dashibodi, kidogo kwenye swichi ya mguuni, kidogo kwenye kila kiunganishi cha mviringo kilichoota kutu mbele ya radieta, na kiasi kikubwa kuliko nilivyodhani kwenye ethi, yaani pale waya mweusi unapokutana na bodi ya gari.

Dawa yake ni rilei mbili, yaani swichi zinazoendeshwa na umeme mdogo ili zipitishe umeme mkubwa, moja ya fulu na moja ya dimu. Nyaya za zamani hubaki mahali pake na kazi yake huwa ni kuiamrisha rilei tu, kazi isiyozidi robo ya ampia, na umeme wenyewe wa taa hupita kwenye waya mpya mnene unaotoka moja kwa moja kwenye chanzo, ukiwa na fyuzi yake. Nilipomaliza kazi hiyo na kusafisha ethi hadi chuma kikang'aa, balbu zilisoma volti 12.2. Nakiri kwamba usiku wa kwanza nilisimamisha gari na kushuka kuziangalia, kwa sababu sikuamini kuwa ni taa zilezile. Wapo wasomaji ambao watafika hapa na kugundua kwamba hawahitaji tena taa za ziada, na kwao ningesema wasimame hapo.

Jambo moja zaidi kuhusu taa kuu, ambalo linawahusu hasa wale wanaoagiza vipuri kutoka nje. Kioo cha taa ya kisasa ya halojeni hakitoi mwanga sawa pande zote mbili. Kwetu Kenya, Tanzania na Uganda, ambako tunaendesha upande wa kushoto, mwanga wa dimu unatakiwa kupanda kidogo upande wa kushoto ili umulike ukingo wa barabara na watembea kwa miguu, huku upande wa kulia ukibaki chini usimpofushe anayekuja. Kioo kilichonunuliwa Dubai au Ulaya bara kimetengenezwa kwa ajili ya nchi zinazoendesha kulia, na kinafaa Rwanda, Burundi, Kongo au Oman, lakini kwetu kitampiga dereva anayekuja machoni kila usiku, hata ukikilenga namna gani. Simama mita chache kutoka ukutani, washa dimu, na uangalie ni upande upi mwanga unapanda.

Sasa hesabu. MGB zilizotoka kabla ya mwisho wa mwaka 1967 zina dainamo, yaani mashine ya kuzalisha umeme, ya kampuni ya Lucas aina ya C40/1, ambayo upeo wake ni ampia 22, na hizo hupatikana injini inapozunguka kwa kasi ya safari. Injini ikiwa inanguruma kwenye foleni, dainamo haitoi kitu, na gari zima hula kutoka kwenye betri. Chukua karatasi uandike kila kinachokula umeme usiku. Taa kuu mbili za wati 60 katika fulu ni wati 120, ambazo ukizigawanya kwa volti 12 unapata ampia 10. Taa ndogo za mbele na nyuma, ya namba na za dashibodi ni ampia 3 hivi. Koili ya kuwashia injini huchukua kama 3, na pampu ya petroli ya umeme, inayosikika ikigonga nyuma ya gari, huchukua 1. Jumla ni 17. Mvua ikinyesha, waipa huongeza kama 3, nawe umefika 20. Kwenye karatasi yako zimebaki ampia 2, na taa mbili za wati 55 zinataka 9.

Nitakuwa mkweli kwa wale wanaosema kwamba wamezifunga taa za aina hiyo kwenye dainamo na hawajawahi kukwama. Taa za masafa, yaani za kumulika mbali, huwaka tu wakati wa fulu, na katika barabara yenye malori mengi kama ya Mombasa, fulu haipati nafasi ndefu. Upungufu wa ampia 4 kwa dakika tano tano unaweza kufidiwa na betri nzuri. Tatizo ni kwamba betri za MGB za miaka hiyo ni mbili za volti 6 zilizounganishwa kwa mfululizo na kufichwa nyuma ya viti, chini ya sakafu, mahali ambapo hakuna anayezikumbuka mpaka zimekufa. Usiku mmoja wa mvua barabarani, waipa zikifanya kazi na dereva akiwa na pupa ya fulu, unatosha kulifanya gari lisiwake asubuhi.

Zipo njia mbili za kutoka hapo. Ya kwanza ni kuacha dainamo na kufunga altaneta, mashine ya kisasa zaidi ya kazi hiyohiyo. Mimi niliichagua hii, nikafunga Lucas 17ACR, ambayo hutoa ampia 36 na ni ya ukoo uleule uliotumika katika magari ya Kiingereza ya miaka ya sabini, kwa hiyo haionekani ngeni chini ya boneti. Hesabu ya 17 na 9 ni 26, na hata mvua ikinyesha bado ninayo akiba. Njia ya pili ni kubaki na dainamo na kutafuta taa zinazokula kidogo. Siku hizi zipo taa zenye umbo la kale lakini ndani zina vitoamwanga vya elidii (LED), na jozi nzima haizidi ampia 4. Mwenye kupenda gari lake libaki kama lilivyotoka kiwandani Abingdon asione haya kuifuata njia hii. Mwanga wake ni mweupe kupita kiasi kwa macho yangu, lakini hilo ni suala la mapenzi.

Yeyote kati yenu atakayefuata mojawapo ya njia hizo ni lazima kwanza ajue gari lake limeungwa upande gani wa betri. MGB zilizotoka kabla ya altaneta kuletwa mwaka 1967 zina ethi ya chanya, yaani ncha ya chanya ya betri ndiyo iliyofungwa kwenye bodi, kinyume na magari yote tunayoyaona leo. Taa za kawaida za balbu hazijali upande. Vitoamwanga vya elidii vinajali sana, na ndani ya gari la ethi ya chanya waya mwekundu wa taa ndio unaokwenda kwenye bodi na mweusi ndio unaokwenda kwenye swichi. Vilevile baadhi ya rilei za kisasa zina dayodi ndogo ndani yake, yaani kijisehemu kinachopitisha umeme upande mmoja tu, na ukiiunga kinyume dayodi hiyo huungua siku ya kwanza. Nunua rilei isiyo na dayodi. Kwa anayefunga altaneta ya 17ACR, ambayo inataka ethi ya hasi, kazi ni kubwa zaidi ya kugeuza nyaya za betri: nyaya za koili hugeuzwa, redio ya zamani huondolewa, na saa ya kuonyesha mizunguko ya injini, ambayo katika magari ya 1965 ni ya kielektroniki, hupelekwa kwa mtaalamu ikabadilishwe ndani kabla haijaguswa na umeme uliogeuka. Mwenzangu mmoja aliisahau saa hiyo, na hadi leo anatafuta nyingine.

Ukishajua umeme ulionao, ndipo uchague taa. Watu wengi huita kila taa ya mbele "spoti", lakini zipo za aina mbili ambazo kazi zake zinapingana. Taa ya masafa hutoa mwanga mwembamba unaokwenda mbali, na taa ya ukungu hutoa mwanga mpana uliokatwa sawa upande wa juu, unaotandazwa chini karibu na gari. Lucas walizitofautisha kwa herufi, SLR kwa ya masafa na SFT kwa ya ukungu, na ukizipata za zamani zilizo nzima, usizichanganye kwa sababu tu vifuniko vyake vinafanana. Taa ya masafa ndani ya ukungu hugonga matone ya maji yaliyo hewani na kukurudishia ukuta mweupe. Kwa hiyo anayepita Limuru na Kinale alfajiri za mwezi wa Julai anataka taa za ukungu, na anayevuka Tsavo usiku anataka za masafa. Ukiwa na nafasi ya jozi moja, ifikirie barabara unayoipita mara nyingi, usifikirie picha uliyoiona. Kuhusu kioo cha manjano, rangi ambayo Wafaransa waliilazimisha kwa taa zote kuu hadi mwaka 1993, mimi nakipenda kwa sababu macho yangu hayachoki upesi, ila ni lazima mtu ajue kwamba kioo hicho huzuia sehemu ya mwanga.

Epuka balbu za wati 100. Zinaongeza joto kwenye kioo na kutaka ampia zaidi ya 16 kwa jozi, na kioo kizuri chenye balbu ya 55 kitaona mbali kuliko kioo duni chenye 100. Ukishika taa dukani, angalia ndani yake. Sahani ya kuakisi mwanga inatakiwa kung'aa kama maji tulivu, bila mawimbi wala madoa.

Kuhusu waya, nitaeleza nilivyofanya. Umeme niliuchukua kwenye ncha ya betri iliyo katika swichi ya starta, ambayo katika magari haya imefungwa ukutani mwa chumba cha injini na ni rahisi kuifikia. Kutoka hapo nilivuta waya wa milimita mraba 3, na kabla haujafika urefu wa kiganja niliweka fyuzi ya ampia 15. Fyuzi ikikaa mbali, waya wote ulio kabla yake hauna mlinzi. Hapa kuna mtego unaowanasa wengi: fyuzi za kioo za Lucas zilizoandikwa 35 hukatika zikifika 35, lakini mzigo wake wa kudumu ni 17 tu, ilhali fyuzi za kioo zinazouzwa katika maduka mengi huandikwa mzigo wa kudumu. Anayeitoa ya Lucas na kuweka 35 ya dukani ameondoa ulinzi bila kujua. Mimi hutumia fyuzi bapa za kisasa ndani ya kibebeo chenye mfuniko, na ninazo tatu za akiba.

Kutoka kwenye fyuzi waya uliingia ncha namba 30 ya rilei, na ncha 87 ikatoa nyaya mbili za milimita mraba 2, moja kwa kila taa. Ncha 85 niliipeleka kwenye ethi. Ncha 86 ndiyo ya amri, na amri hiyo niliichukua kutoka waya wa fulu, ambao katika magari ya Kiingereza ni wa buluu wenye mstari mweupe, nikaupitisha kwanza kwenye swichi ndogo chini ya dashibodi. Matokeo yake ni kwamba taa za ziada haziwezi kuwaka bila fulu, na mara tu ninapokanyaga dimu huzimika zenyewe, hata mikono yangu ikiwa imeshughulika na usukani. Sitamfungia mtu taa za masafa kwa namna nyingine yoyote. Nimekutana na magari mengi mno yanayokuja na taa nne zikiwaka, dereva akiwa amesahau swichi yake ya pembeni, na najua ni sekunde ngapi macho huchukua kurudi. Taa za ukungu ni tofauti: hizo huchukua amri kutoka waya mwekundu wa taa ndogo, ili ziweze kutumika na dimu. Rangi za nyaya, hata hivyo, zithibitishe kwa kipimo, kwa sababu baada ya miaka 60 buluu na kijani hufanana, na huwezi kujua nani aliwahi kuingiza mkono wake humo.

Ethi niliivuta kwa waya wake hadi kwenye bodi, nikakwangua rangi, nikafunga kwa bolti na washa ya meno, kisha nikapaka grisi. Bampa ya kromu isiyo na waya wa ethi ni njia mbaya ya umeme, maana bolti zake huota kutu ndani, na taa huanza kumulika hafifu miezi michache baadaye huku mwenyewe akilaumu balbu. Viunganishi nilivibana kwa koleo lake maalumu. Sipendi kulehemu nyaya zilizo mbele ya gari, kwa sababu waya uliolehemiwa huwa mgumu na hukatika kwa mtikisiko pale ugumu unapoishia. Na vile vibanio vya plastiki vinavyong'ata waya bila kuukata, ambavyo huuzwa kwa bei ya karanga, visiingie katika gari lako kabisa. Hukata nyuzi, huruhusu maji kuingia, na baada ya masika mawili huwa na unga wa kijani ndani. Kila waya unaopita kwenye tundu la bati uvishwe raba.

Kuzifunga taa zenyewe ni kazi ya nusu siku. Wengi hutumia ule upau wa kromu unaoshikwa nyuma ya bampa, na unapendeza, lakini ukiwa peke yake hutetemeka, na barabarani mwanga hucheza mbele yako hadi macho yanauma. Funga mabano kwenye vyuma vinavyoshika bampa, au uongeze mkono mdogo wa kuishika taa kutoka juu. Usizibe grili kwa taa kubwa za sentimita 18 zilizobanana katikati. Injini hii hupata joto kwenye milima ya kutoka pwani wakati wa mchana, na radieta inahitaji upepo wake. Mimi niliziweka kando, kila moja mbele ya pembe ya grili, chini kidogo ya usawa wa taa kuu.

Kulenga ndiko kunakostahili subira kuliko yote. Tafuta uwanja ulio sawa na ukuta, uliweke gari mita 10 kutoka ukutani, jaza magurudumu upepo wake, tia petroli nusu tangi, mkalishe mtu wa uzito wako kwenye kiti cha dereva, na uweke nyuma mizigo unayosafiri nayo. Hili la mizigo usilidharau: MGB ni jepesi, na masanduku mawili nyuma huinua pua yake kiasi cha kuharibu kazi yote. Pima kimo cha katikati ya taa kutoka ardhini, kisha uweke alama ukutani ya kimo hichohicho. Funika taa moja, washa nyingine, na ulete kitovu cha mwanga wake sentimita 3 hadi 5 chini ya alama. Taa iliyo sentimita 60 kutoka ardhini, ikishuka sentimita 5 kila mita 10, kitovu chake hugusa barabara mita 120 mbele. Ikishuka 3, hufika mita 200. Ukiilenga juu ya alama unamulika majani ya mibuyu. Taa ya kulia niliielekeza mbele moja kwa moja, na ya kushoto nikaipeleka nje kidogo tu, kwa sababu wanyama na watu wengi hutokea ukingoni. Taa za ukungu hushushwa zaidi sana: ikiwa iko sentimita 40 kutoka ardhini, kushuka kwa sentimita 20 katika mita 10 huufikisha mwanga mita 20 mbele ya gari, nao unatosha kwa mwendo unaofaa ndani ya ukungu.

Baada ya ukuta, nenda barabarani usiku usio na mwezi ukiwa na spana mfukoni, ukarekebishe kwa macho. Mimi nilirudi mara tatu kabla sijaridhika.

Katika kilomita 500 za kwanza bolti zote hulegea kidogo, hivyo zikaze tena, na uguse kibebeo cha fyuzi na rilei kwa kidole baada ya nusu saa ya kuendesha na taa: zikiwa vuguvugu si kitu, lakini zikichoma kidole, kuna kiunganishi kibaya mahali fulani nawe una muda wa kukitafuta kabla hakijakutafuta. Pua ya gari hili iko chini, na malori hurusha kokoto, kwa hiyo mchana ninazivisha taa vifuniko vya plastiki na kuvivua jua linapotua, mara nyingi pale Mtito Andei ninapojaza petroli. Ndani ya kisanduku cha dashibodi ninazo balbu mbili zilizofungwa kwa kitambaa safi, kwa sababu mafuta ya vidole huchoma kioo cha halojeni, pamoja na zile fyuzi tatu, rilei moja ya akiba, na ile swichi ya mguuni iliyoyeyuka, ambayo mimi humwonyesha kila anayekuja kuniuliza ni taa za aina gani anunue.